Intaneti Ndani ya Waya wa Umeme: Mhadhara kwa Wakazi wa Nyumba za Kuta Nene



Mtu akiona intaneti ya nyumbani kwake inasuasua, wa kwanza kulaumiwa ni kampuni inayomuuzia. Atapiga simu, ataambiwa azime ruta aiwashe, mwisho ataongeza kifurushi. Atatoka megabiti 20 kwa sekunde kwenda 50, alipe zaidi kila mwezi, na chumba cha nyuma kitabaki kama kilivyokuwa: binti yake bado anasomea kwenye ngazi kwa sababu hapo ndipo waifai inapofika. Nimekuja kuwaambia kwamba katika nyumba nyingi za mwambao wetu, megabiti hizo zinafika salama hadi sebuleni. Zinapotelea ukutani, kati ya sebule na chumba cha pili. Kununua megabiti zaidi wakati mwizi ni ukuta ni kutupa fedha, na familia nyingi hazina fedha za kutupa.

Tuuangalie ukuta huo kwa karibu. Chukua nyumba ya Mji Mkongwe, ya ghorofa tatu, yenye ua katikati. Kuta zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake ni nusu mita, pengine zaidi kwa ghorofa za chini. Chokaa na mawe hayo hunywa unyevu, na ukuta wenye unyevu hula mawimbi ya redio. Waifai ya kawaida hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambapo urefu wa wimbi moja ni kama sentimita 12. Ile ya kasi zaidi hutumia gigahezi 5, wimbi lake ni kama nusu ya hilo. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo mawimbi yanavyochoka upesi yanapopenya kitu kizito. Kuta mbili za aina hiyo zinatosha kuigeuza ruta nzuri kuwa pambo. Lamu ni hivyo hivyo, na Mji wa Kale wa Mombasa pia. Wala msidhani nyumba mpya zimepona: zege lenye nondo, dari yenye bati juu yake, tangi la maji lililowekwa katikati ya njia, vyote ni maadui wa mawimbi.

Dawa iliyo bora inajulikana. Ni kuvuta kebo ya mtandao kutoka kwenye ruta hadi chumba kinachohitaji. Kebo ya kawaida ya shaba hubeba mawasiliano mita 100 bila kuchoka, haijali ukuta, haijali jirani. Lakini nani atatoboa ukuta wa nyumba ya urithi? Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu ikafuata mwaka 2001. Kuta za chokaa hazipendi mashine ya kutobolea. Ukilitikisa jiwe moja, plasta ya eneo zima hulegea na maji ya mvua yakapata njia. Na mpangaji je? Mwenye nyumba hataki kuona hata msumari. Hapo ndipo kinapokuja kifaa ninachotaka kukizungumzia, kwa sababu njia moja imekwisha kutobolewa zamani ndani ya kuta hizo, nayo ni njia ya waya za umeme.

Kifaa chenyewe huitwa adapta ya waya wa umeme, nacho ni kisanduku kidogo kinachojaa kiganjani, chenye pini tatu nyuma kama plagi ya pasi, na tundu la kebo ya mtandao chini yake. Huuzwa viwili viwili. Kimoja unakichomeka kwenye soketi iliyo karibu na ruta, ukakiunganisha na ruta kwa kebo fupi. Cha pili unakichomeka kwenye soketi ya chumba cha nyuma, ukakiunganisha na kompyuta, televisheni, au ruta ndogo ya pili. Baadhi vina waifai yake ndani, hivyo chumba cha nyuma kinapata waifai yake mpya bila kebo kuonekana. Vinapokutana kupitia waya wa ukutani, taa ya muunganiko huwaka. Basi. Hakuna programu ya kuweka, hakuna fundi wa kuita.

Watu huuliza: umeme na intaneti vitakaaje katika waya mmoja bila kugombana? Jibu liko kwenye masafa. Umeme wetu wa volti 230 hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Adapta hizi huzungumza kwa masafa ya megahezi 2 hadi 28, na zile za kizazi cha baadaye hupanda hadi megahezi 86. Umbali baina ya hezi 50 na megahezi 2 ni mkubwa mno kiasi kwamba kichujio kidogo ndani ya kisanduku hutenganisha viwili hivyo bila shida. Friji yako inachukua umeme wake. Kompyuta inachukua mawasiliano yake.

Ugumu ni kelele. Waya wa umeme haukutengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Una viungo, una matawi yanayoishia kwenye soketi tupu, na kila kitu kilichochomekwa kinauchafua. Wahandisi walikuja na mbinu hii: badala ya kutuma mzigo wote kwa masafa mamoja, waliugawa katika njia nyembamba zaidi ya 1,000, kila moja ikibeba sehemu yake. Fikirini hamali wa bandarini waliogawana shehena na kupita vichochoro tofauti; kimoja kikizibwa, mizigo ya vingine inafika, na aliyezibiwa anapewa mzigo mdogo au hapewi kabisa. Adapta mbili zinaposhikana, kwanza hupimana: njia hii ni safi, ile ina kelele, hii imekufa. Zinaandika ramani ya njia hizo na kuirekebisha kila mara. Na hapa pana jambo linalonivutia kuliko yote: kelele nyingi za nyumbani hupanda na kushuka pamoja na mapigo ya umeme wenyewe, kwa hiyo adapta zinajifunga na mapigo hayo ya hezi 50, na kuwa na ramani moja kwa sehemu hii ya pigo na nyingine kwa sehemu ile. Kuna uhandisi wa hali ya juu ndani ya kidude kinachouzwa dukani kando ya chaja za simu.

Wazo lenyewe ni kongwe. George Owen Squier, meja jenerali wa jeshi la Marekani, alikuwa na hataza za kupitisha sauti kwenye nyaya, na mwaka 1922 ilianzishwa kampuni ya Wired Radio kwa nia ya kuwapelekea watu muziki majumbani kupitia waya za umeme. Kampuni hiyo ilipewa jina la Muzak mwaka 1934, na muziki wake ukaja kujulikana kwa kupigwa kwenye lifti na maduka. Mwaka 1975, wahandisi wa Pico Electronics huko Glenrothes, Uskochi, walibuni X10, mfumo wa kuwasha na kuzima taa kwa ishara zinazopita kwenye waya wa nyumba.

Kisha wakaja waliotaka makubwa. Mnamo Oktoba 1997, Norweb, kampuni ya umeme ya kaskazini magharibi mwa Uingereza, na Nortel ya Kanada zilitangaza kwamba zitaleta intaneti majumbani kupitia waya wa umeme wa mtaani, kutoka kwenye transfoma. Majaribio yalifanyika Manchester. Mwaka 1999 mradi ukafungwa. Mji wa Manassas katika jimbo la Virginia, Marekani, ulianza huduma ya namna hiyo kwa wakazi wake mwaka 2005, nao ukaiacha mwaka 2010. Mtaani, waya ni mrefu, hauna kinga, na unageuka antena inayomwaga mawimbi kila upande. Ndani ya nyumba, waya ni mfupi na wateja ni watu wa familia moja. Kilichoshindikana barabarani kimefaulu sebuleni, na mimi naona huo ni ukubwa unaokifaa.

Kwa matumizi ya ndani, makampuni yaliungana mwaka 2000 kuunda jumuiya ya HomePlug ili vifaa vya watengenezaji mbalimbali vielewane. Kiwango cha kwanza, cha mwaka 2001, kilikuwa na kasi ya megabiti 14. Kile cha mwaka 2005, HomePlug AV, kilifika 200, na AV2 cha mwaka 2012 kikavuka 1,000. Jumuiya hiyo ilifunga shughuli zake mwaka 2016, lakini vifaa vyake bado vimejaa madukani. Sambamba navyo vipo vya kiwango kingine kiitwacho G.hn, cha Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU. Familia hizi mbili hazisikilizani. Ukinunua kimoja cha huku na kimoja cha kule, taa ya muunganiko haitawaka hata ukeshe. Nunua jozi moja, katika boksi moja.

Tukishafika dukani, tuzungumze kuhusu namba zilizoandikwa kwenye boksi, kwa sababu hapo wateja hudanganywa kweupe. Utaona 600, utaona 1200, utaona 2000. Namba hiyo ni jumla ya uwezo wa kinadharia, kwenda na kurudi kwa pamoja, katika maabara yenye waya safi. Waya wa nyumbani ni njia ya zamu: mmoja akisema, mwingine ananyamaza. Adapta iliyoandikwa 600 ikikupa megabiti 100 katika nyumba halisi, imefanya kazi nzuri. Nyingi kati ya hizo hata tundu lake la kebo halipitishi zaidi ya 100, na mtengenezaji analijua hilo. Katika nyumba yenye waya zilizochakaa unaweza kupata 20 au 30. Msikate tamaa kwa kusikia hivyo. Mkutano wa video unaoonekana vizuri hauhitaji hata megabiti 5, na filamu ya picha safi inatosheka na kiasi hicho hicho. Megabiti 30 zisizotikisika chumbani ni bora kuliko 200 zinazoishia mlangoni mwa sebule.

Sasa, vifaa hivi hushindwa wapi? Hapa nitakaa kidogo, kwani wengi huvinunua, huvichomeka vibaya, kisha huvitupa kabatini.

Kosa la kwanza na kubwa ni ekstensheni. Sisi watu wa huku tunaishi kwa ekstensheni. Soketi moja ukutani inalisha televisheni, king'amuzi, ruta, feni na simu za wageni. Adapta ikichomekwa humo inakaa katikati ya chaja zote, na chaja za bei rahisi zisizo na vichujio ni wapiga kelele wakubwa. Ekstensheni yenye kinga dhidi ya umeme unaoruka ni mbaya zaidi, kwa sababu kinga hiyo mara nyingi humeza masafa yale yale ambayo adapta inayatumia. Vivyo hivyo stabilaiza, UPS, na kile kifaa cha kulinda friji. Adapta ichomekwe moja kwa moja ukutani. Ikiwa soketi ni moja tu, tafuta adapta yenye soketi usoni mwake, kisha ekstensheni yako ichomekwe humo. Zilizo nyingi za aina hiyo huchuja kelele za vifaa vinavyochomekwa juu yake.

La pili ni fezi. Nyumba kubwa, nyumba za kulala wageni na majengo ya fleti mara nyingi huingiziwa umeme wa fezi tatu, na fundi hugawa: ghorofa ya chini fezi hii, ya juu fezi ile. Adapta zikiwa kwenye fezi mbili tofauti, mawimbi hulazimika kuruka kutoka waya mmoja hadi mwingine ndani ya boksi la sakiti breka, na yanayofika ni machache. Kujua ni rahisi: muulize fundi aliyefunga, au zima breka moja moja uone soketi zipi zinazimika pamoja. Vilevile, kama sehemu ya nyumba inalishwa na inveta ya sola na sehemu nyingine na umeme wa shirika, hesabu hizo ni nyumba mbili.

La tatu ni ethi. Adapta za AV2 zenye pini tatu zinazofanya kazi hutumia waya zote tatu, fezi, nyutro na ethi, kutuma mkondo wa pili wa mawasiliano. Ethi ikiwa haipo, zinarudi kwenye waya mbili na kasi inashuka. Nimeona nyumba nyingi ambamo tundu la ethi lipo kwenye soketi lakini nyuma yake hakuna waya, au waya upo na haujafika ardhini. Hapo intaneti ni jambo dogo. Nyumba isiyo na ethi inaweza kumuua mtu anayeshika friji yenye hitilafu kwa mkono uliolowa. Adapta yako ikionyesha kasi duni isiyoelezeka, mwite fundi mwenye leseni aipime ethi, hata kama intaneti ulikwisha kuikatia tamaa.

Kuna na wasumbufu wadogo wanaobadilika kwa saa. Reguleta ya feni, hasa zile za elektroniki, balbu za LED za bei ya chini, mota ya pampu ya maji, blenda. Ukiona mtandao unaanguka kila jioni, usikimbilie kuilaumu kampuni. Mtu mmoja akae na kompyuta anayopimia kasi, mwingine apite nyumbani akizima kitu kimoja kimoja. Msumbufu hujitaja. Na kabla ya yote, siku ya kwanza, zichomeke adapta zote mbili katika chumba kimoja uzipime hapo. Ukishajua zinaweza kufika wapi, peleka ya pili kwenye chumba chake. Hapo utajua upungufu ni wa kifaa au wa waya.

Wasikilizaji kutoka Kenya wanaijua teknolojia hii ingawa huenda hawajaiita kwa jina. Kile kidude chenye vitufe mnachochomeka kwenye soketi ili kuingiza namba za tokeni, ilhali mita yenyewe iko nje au juu ya nguzo, kinazungumza na mita kupitia waya wa umeme. Kinatumia masafa ya chini zaidi na kasi ndogo mno, lakini kanuni ni ile ile, na magonjwa ni yale yale: kelele za chaja na balbu zikizidi, kinakataa kuwasiliana na mita, na ukizima vifaa kinakubali.

Sitaki niwafiche madhara. Masafa ya megahezi 3 hadi 30 ndiyo makazi ya redio ya mawimbi mafupi. Adapta hizi zimewekewa mapengo ili zisivamie masafa ya redio za ridhaa, na kanuni ya Ulaya ya mwaka 2013, EN 50561-1, inazitaka pia zisikilize na kuyakwepa masafa ya matangazo yanayosikika. Hata hivyo waya wa ukutani huvuja. Kama mna mzee nyumbani anayesikiliza mawimbi mafupi, na wapo wengi, msimnyang'anye redio yake kwa ajili ya filamu zenu. Redio itumie betri, iwekwe mbali na kuta zenye waya, na ikiwa bado inakoroma, adapta izimwe wakati wa taarifa ya habari.

Usalama nao usemwe wazi. Transfoma huzuia mawimbi haya yasisafiri mbali, lakini kabla ya transfoma wapo majirani mnaoshiriki waya, na mita haizuii kila kitu. Katika jengo la fleti, mawimbi yako yanaweza kufika soketi ya jirani. Vifaa hivi husimba mawasiliano kwa ufunguo wa biti 128, ambao ni imara. Tatizo ni kwamba vingi hutoka kiwandani vikiwa na ufunguo mmoja unaofanana, hivyo jirani aliyenunua aina ileile anaweza kujikuta ndani ya mtandao wako. Kila adapta ina kitufe kidogo. Bonyeza cha kwanza, kisha ndani ya dakika mbili bonyeza cha pili. Zitatunga ufunguo wao wenyewe. Kazi ya dakika moja ambayo watu wengi hawaifanyi.

Kuhusu matumizi ya umeme, wenye mita za LUKU watataka hesabu. Adapta inayokula wati 3 mchana na usiku hutumia uniti 2 na kidogo kwa mwezi. Jozi ni uniti 4 na ushei. Zilizo nyingi hulala zenyewe pale kompyuta inapozimwa, na hapo matumizi hushuka sana. Umeme ukikatika adapta hufa pamoja na nyumba, hata kama ruta ina betri yake ndogo. Kwa anayefanya kazi za saa za dharura, hilo ni jambo la kuzingatia kabla ya kununua.

Msimamo wangu ni huu. Kama unaweza kuvuta kebo, vuta kebo. Kama kuta ni nyepesi na nyumba ni ndogo, ihamishe ruta katikati ya nyumba, juu ya kabati, na huenda usihitaji kununua kitu. Vile vidude vya kurudia waifai navipenda kidogo, kwani vingi hupokea na kutuma kwa redio ileile na hivyo hukata kasi karibu nusu, na bado vinapaswa kupenya ukuta uleule. Adapta za waya wa umeme ni za nyumba zilizokwisha kujengwa, zenye kuta nene, zenye waya zilizofungwa kwa uangalifu, na za mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa. Kwa hao sijaona kitu cha kuwashauri kilicho bora zaidi kwa fedha hiyo. Ombeni dukani haki ya kurudisha, kwa sababu hakuna anayeweza kuutabiri waya wa nyumba yako kwa kuutazama.

Na yeyote kati yenu anayejenga sasa, ambaye msingi umeshanyanyuka na fundi umeme anachana kuta wiki ijayo: mwambie alaze bomba la pili la plastiki kando ya lile la umeme, akiyatenganisha kidogo, kutoka mahali faiba itakapoingilia hadi kila chumba cha kulala na hadi katikati ya dari ya ukumbini. Aache ndani yake uzi wa kuvutia kebo. Kebo mtaivuta mtakapopata fedha, mwaka huu au mwaka wa tano. Bomba lenyewe ni sehemu ndogo sana ya gharama ya nyumba, na baada ya plasta halitapatikana tena.